Mia na Nne, Kila Baada ya Saa Mbili

Maskati, 4 Oktoba 1996

Mwanangu Nasriya,

Assalaam alaykum. Kwanza ujue kuwa barua hii imeandikwa na mtu ambaye akipiga chafya, Maskati nzima inakosa maji. Sijisifu, nnakwambia mambo yalivyo. Waziri anaweza kusafiri miezi mitatu na asitambue mtu. Mie nikikaa nyumbani siku mbili, kutoka Ruwi mpaka Qurum watu watatayamamu kwa mchanga.

Mama yako ananiambia huko Denmark baridi imekushika mbavu, na kwamba unasomea mitambo inayotoa umeme na joto pamoja. Mwanamize ni dada yangu nnampenda, lakini hana akili ya mitambo. Aliniuliza ati umeme na joto si kitu kimoja? Nikamwambia mwachie Nasriya na mjomba wake.

Maana hayo unayoyafuata huko kwenye theluji, mie nnayo hapa. Mwaka wa kumi na moja huu nnauendesha mtambo wa Ras Dhibaa. Gesi inaungua, inazungusha mashine, umeme unatoka. Moshi wake una moto bado, na sisi si watu wa kutupa chakula. Ule moto tunautia kwenye maji, maji yanakuwa mvuke, mvuke unapika bahari ndani ya chungu cha chuma kikubwa kuliko msikiti wa mtaani kwenu, na bahari ikishapikwa inatema maji matamu. Moto mmoja, kazi mbili. Wazungu wameandika vitabu juu ya jambo hili, nami nimeliandika kwa jasho.

Nikueleze tu la mwaka wa tisini na moja, wakati wa vita vya Kuwait. Mwewe alijenga juu ya bomba la moshi, likaziba. Muhandisi wa Kiingereza akashika kichwa, akasema tuzime. Nikamwambia ngoja. Nikavua ndara, nikapanda mita sitini bila ya kamba, mkono mmoja umeshika ngazi na mkono mwengine kikombe cha kahawa, maana nilikuwa sijamaliza kunywa. Huko juu niliiona Iran, wallahi. Nilimwona mtu wa Bandar Abbas anaanika samaki, na samaki wenyewe nilikuwa nikiwahisabu. Nikashuka na makinda wanne ndani ya kofia na kahawa haijapoa.

Basi ukikwama na hao maprofesa, niandikie.

Mjomba wako,
Harub bin Salim
Mkuu wa Mvuke

*

Denmark, 2 Novemba 1996

Mjomba wangu,

Shikamoo. Barua yako nimewafasiria wenzangu wa darasani, na sasa wote wanataka kumwona mtu wa kikombe cha kahawa.

Nikusimulie mji huu. Chini ya barabara zake kuna mabomba mawili mawili, yamefungwa nguo nene kama watoto wachanga. Moja linapeleka maji ya moto majumbani, jengine linayarudisha yakishapoa. Moto wenyewe unatoka kwenye mtambo wa umeme ulioko nje ya mji. Ungetoa umeme peke yake, zaidi ya nusu ya moto ungekwenda baharini bure. Hapa wanaugawa nyumba kwa nyumba, na kila nyumba ina mita yake ya joto kama sisi tulivyo na mita ya maji. Chumbani kwangu, chini ya dirisha, kuna chuma chenye mbavu. Nikirudi nnakikumbatia kabla sijavua koti. Na theluji ikianguka utajua mabomba yanapita wapi, kwa sababu juu yake majani yanabaki mabichi na paka wa mtaa mzima wanalala mstari mmoja.

Nnapowaangalia paka wale nnakumbuka kwenu. Hapa joto linalobaki watu wanalivaa, kwetu tunalinywa. Ndiyo kazi yangu ya mwisho ninayotaka kuandika: katika mtambo kama wa Ras Dhibaa, ni joto kiasi gani bado linarudi baharini wakati lingeweza kupika maji zaidi? Vijiji vya upande wa Yiti mpaka leo vinangoja gari la maji. Nnaamini moto wa kuwapikia upo tayari na unatupwa. Lakini kuamini hakutoshi, Profesa Holm anataka vipimo.

Nimemwandikia Muhandisi Hatem, mkubwa wenu, na ruhusa ametoa. Nnahitaji joto la maji ya bahari yanapotoka kwenye chungu chako, kila baada ya saa mbili, tangu saa kumi na mbili asubuhi mpaka kumi na mbili jioni, siku thelathini. Anasema sindano ya kipimo iliyoko chumbani mwenu ilikufa tangu mtambo ukiwa mpya na kipuri hakijafika, na kipimajoto kizima kiko juu, kwenye ngazi ya chuma ya vipago arobaini na mbili. Anayekisoma ni mtu wa zamu. Nikacheka peke yangu. Mtu wa zamu ya mchana si mjomba wangu? Aliyepanda mita sitini na kahawa mkononi hatoshindwa na vipago arobaini na mbili.

Nimepewa mwaka mmoja tu, mjomba. Nisipomaliza Juni, ubalozi unanirudisha, na sitopata tena.

Mpwa wako,
Nasriya

*

Maskati, 5 Januari 1997

Mwanangu Nasriya,

Salaam nyingi. Ndani ya bahasha hii mna karatasi thelathini, kila siku karatasi yake, na kila karatasi ina vipimo saba kwa mkono wangu mwenyewe. Hisabu utapata mia mbili na kumi. Zitunze, si kila mtu anapata hati ya mkono wangu.

Utaona mia na nne, mia na nne, mia na nne. Usishangae. Ndivyo mtambo unavyonitii. Zamu ya mwenzangu Mahfoudh joto linapanda na kushuka kama pumzi ya mgonjwa, na yeye usiku kucha anapanda ngazi na kushuka, mpaka viatu vyake vimekwisha kisigino. Mie nikiingia kazini linatulia. Linajua nani amekuja. Siku nyengine huwa nnakaa kule juu kabisa, kwenye kipago cha mwisho, nnakula mkate wangu na jibini, miguu inaning'inia, na bahari yote iko chini yangu kama zulia.

Mama yako amewaambia majirani wote kuwa Nasriya anaandika kitabu na mjomba wake ndiye anayempa elimu. Ijumaa barua yako ya Novemba ilisomwa mbele ya watu, kama kawaida, na ilipofika mahali pa vipago arobaini na mbili wote walinigeukia. Nilijikohoza tu. Mtu mkubwa hajibu kila kitu.

Ramadhani inakuja. Tuombee.

Mjomba wako,
Harub bin Salim
Mkuu wa Mvuke

*

Denmark, 20 Aprili 1997

Mjomba,

Shikamoo. Barua hii usiisome Ijumaa mbele ya watu. Isome peke yako.

Juzi Profesa Holm aliniita. Mezani kwake alikuwa ametandaza karatasi tatu. Ya kwanza, joto la bahari ya Maskati mwezi wa Disemba, niliyoipata kutoka bandarini. Ya pili, gesi mliyounguza kila siku, aliyoniletea Muhandisi Hatem. Ya tatu ni yako. Hakupandisha sauti, na ningeona afadhali angepandisha. Alisema, "Bahari ilibadilika. Gesi ilibadilika. Hiki peke yake hakikubadilika mara mia mbili na kumi. Ulikipata wapi?"

Nikasema kwa mjomba wangu.

Akaniuliza kama mjomba wangu alikiona kwa macho yake. Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama niko tayari kuandika hivyo na kutia saini. Nikatia.

Sikudanganyi, mjomba, nilipozipokea karatasi zako mwenyewe nilishtuka. Nilikaa nazo siku mbili. Kisha nikajiambia: huyu ni mtu wa miaka kumi na moja kazini, mimi ni nani? Nimejenga hesabu yote juu yake, kurasa themanini na sita. Sasa wanasema nimezitunga chumbani. Tarehe ishirini Juni kuna baraza la chuo, watu watano, na wakiamua nimetunga wananifuta jina, na barua inakwenda kwa kila chuo nitakachoomba.

Nnachokuomba ni waraka mmoja. Eleza unavyokisoma kipimajoto, saa ngapi, unasimama wapi. Na kama kuna jambo ambalo sikulijua, niandikie, hata likiwa baya. Usipige simu nyumbani kuzungumzia jambo hili. Mama ndiye anayepokea, na presha yake unaijua.

Nasriya

*

Maskati, 3 Mei 1997

Mwanangu Nasriya,

Tulia. Huyo Holm ana husuda, nimemjua kwa maneno yake tu. Mtu ambaye nchi yake jua linatoka kwa kuazima, ataamini vipi mtambo uliotulia? Mwaka wa themanini na nane alikuja Mjapani hapa, amevaa miwani miwili, mmoja juu ya mwengine, akaniambia haiwezekani maji ya chumvi yachemke bila ya kutoa ukoko ndani ya bomba. Nikamtazama tu. Kesho yake ukoko wote ukaporomoka wenyewe kwa aibu. Akalia yule Mjapani. Aliondoka na picha yangu.

Waraka nimeuandika, kurasa nne, nimempelekea profesa mwenyewe moja kwa moja. Nimemweleza mie ni nani. Nimemweleza baba yangu alikuwa nani Unguja, na babu yangu alitoka wapi kabla ya kwenda Unguja, ajue anazungumza na watu wa namna gani. Juu ya kipimajoto nimegusia.

Na kwa kuwa si adabu kumwandikia mtu mkubwa mikono mitupu, nilikwenda Barka mwenyewe nikasimama juu ya sufuria mpaka halwa ikaiva, ya zafarani, yenye lozi, kilo nne, nikaitia kwenye bakuli la kaure lenye kifuniko. Na luban ya hojari, ubani ule mweupe. Bakhita mke wangu akaniuliza kama Wadenmark wanafukiza. Nikamwambia watajifunza. Imeondoka Jumatano kwa ndege, na kadi nimeandika: Kutoka kwa jamaa wa Nasriya, tunategemea wema wako.

Hapo mtu yeyote atalainika. Lala usingizi.

Mjomba wako,
Harub bin Salim
Mkuu wa Mvuke

*

Denmark, 19 Mei 1997

Mjomba,

Halwa imefika.

Profesa Holm alifungua sanduku mbele ya katibu wake, akaisoma kadi, akafunga tena. Akaita watu wawili kushuhudia. Wameipima, mjomba. Kilo tano na gramu mia mbili pamoja na bakuli. Wameandika kwenye karatasi, wakabandika karatasi juu ya kifuniko, wakaiweka juu ya kabati la ofisi ya chuo. Kila nikipita nnaiona. Huku zawadi kwa mtu anayengoja kukuhukumu ina jina lake, na jina hilo sasa liko kwenye faili langu, chini ya lile la kwanza, la kutunga.

Nilijaribu kuwaeleza. Nikasema kwetu mtu haandikiwi barua ya haja mikono mitupu, ni heshima. Yule katibu akaniuliza, kwa upole kabisa, mngempa kitu kama msingekuwa na haja?

Ufunguo wa maabara wamechukua. Ubalozi umeandikiwa. Wale niliowafasiria hadithi ya kahawa wakiniona jikoni wanakumbuka kuwa wana pahala pa kwenda. Nimekwisha kupanga nguo kwenye sanduku mara mbili nikazitoa.

Sina hasira na wewe. Sina nguvu ya hasira. Waraka wako wa kurasa nne nimeusoma, walinipa nakala. Umeandika baba yako alikuwa nani, na babu yako, na yule Mjapani. Hukuandika popote kuwa ulipanda.

Nna swali moja tu. Ulipanda?

Nasriya

*

Maskati, 8 Juni 1997

Nasriya,

Sikupanda.

Barua yako nilikaa nayo mfukoni siku nne. Mama yako akiniuliza Nasriya kaandika nini, nnamwambia anasalimu. Siku ya nne alinionyesha bahasha kubwa ya kitambaa anayokushonea, ya kutilia cheti. Nikaenda nje nikakaa kwenye gari na vioo vimefungwa, katika jua la saa saba, na sikuliona joto.

Kesho yake nikaenda kwa Muhandisi Hatem. Nilikuwa nimejitayarishia maneno, nna hadithi nzuri ya nyoka aliyelala kwenye ngazi. Hakunipa nafasi. Nilipotaja karatasi zako tu, alisimama akafungua kabati, akatoa madaftari ya miaka kumi na moja, akayaweka mbele yangu moja juu ya jengine. Akafungua popote. Zamu yangu, mia na nne. Akafungua pengine. Mia na nne.

Nikamuuliza, "Ulikuwa ukijua?"

Akasema, "Ami Harub, kila mtu anajua. Sisi tunatumia nambari za Mahfoudh."

Akaeleza, bila ya kunitazama usoni, kuwa tangu alipoingia kazini aliambiwa na aliyemtangulia: zamu ya mchana iruke, chukua ya Mahfoudh ya kabla na ya baada, ukisie katikati. Hakuna aliyetaka kuniaibisha kwa umri wangu. Kuhusu wewe, alidhani nimeona haya na nimepanda, kwa kuwa ni mtoto wa dada yangu anayeomba.

Miaka kumi na moja, mwanangu. Nnakaa kwenye chumba cha baridi, kila baada ya saa mbili nnachukua kalamu, nnaandika mia na nne kwa hati nzuri. Nilikuwa nikidhani mji mzima unakunywa kwa kalamu ile. Kumbe hakuna aliyepata kuisoma. Katika dunia nzima mtu mmoja tu aliziamini nambari zangu, na mtu huyo ni wewe.

Nilimwomba Hatem anifukuze, basi aandike kuwa kosa ni langu. Alisema kunifukuza hakutokufaa kitu, wewe unahitaji vipimo. Za Mahfoudh za mwezi ule atazipeleka, ila ni za zamu yake. Za mchana hazipo, na hakuna wa kuzirudisha. Kilichobaki ni mtu yule yule apande sasa, siku saba, mbele ya shahidi, ili wale watu watano waone kipimajoto kipo, kinasomeka, na aliyedanganya ni nani.

Nimepanda. Tangu tarehe mosi mpaka saba Juni, mara saba kwa siku, Mahfoudh akiwa chini anatia saini kila karatasi, na yeye hiyo si zamu yake, alikuja kwa hiari. Utaziona humu. Tisini na saba. Mia na moja. Tisini na tisa. Tisini na nne, ile siku bahari ilipojaa konyeza, wale wadudu laini wanaochoma, wakaziba wavu wa kuingizia maji. Hakuna mia na nne hata moja. Hatem alizitazama, akasema basi chungu kina ukoko mwingi kuliko tulivyodhani, na moto unaopotea ni mwingi kuliko ulivyoandika wewe. Kwa hivyo ulikuwa unasema kweli, kwa nambari za uwongo.

Waraka wa kukiri uko ndani, ukurasa mmoja, Hatem kaufasiri na kupiga muhuri. Humo hamna Mjapani.

Ukitaka sababu, ni goti. Goti la kulia, nililiumiza zamani katika vita vya milimani, risasi ilipita karibu. Vipago arobaini na mbili si mchezo kwa goti kama lile, na kusema nilikuwa nnaona haya.

Kuanzia wiki ijayo sisomi tena kipimo. Wananipeleka kwenye wavu, kutoa konyeza kwa upawa mrefu. Mama yako sijamwambia. Sijui nitaanzaje.

Harub bin Salim
wa zamu ya mchana

*

Denmark, 24 Juni 1997

Mjomba,

Shikamoo.

Bahasha yako ilifika tarehe kumi na saba. Nilikaa nje ya mlango wa baraza saa mbili na nusu.

Hawakunifuta jina. Wamesema sikutunga, ila nilitia saini juu ya kitu nilichokitilia shaka, na hilo ni kosa langu mwenyewe. Ni kweli. Kazi yote imefutwa, zile kurasa themanini na sita, na nimeruhusiwa kuanza upya mpaka Disemba. Ubalozi hawangojei Disemba. Msaada wao unakwisha tarehe thelathini, na chumba hiki nnakitoa siku hiyo hiyo. Profesa Holm amenitafutia kazi ya majira ya joto kwenye mtambo wa mji, ule unaopasha nyumba. Nitasoma vipimajoto, mjomba. Kuna ngazi. Kwa mshahara ule nitakula, pa kulala sijui bado. Inawezekana Septemba mkaniona uwanja wa ndege na sanduku, bila ya cheti. Nimemwandikia mama haya yote. Ni haki yake kujua kabla hajamaliza kitambaa.

Halwa wamenirudishia, na karatasi yao imebandikwa bado. Ilikuwa imeganda kama jiwe. Nikaiweka juu ya chuma cha chini ya dirisha, nikakifungulia moto ijapokuwa ni Juni, na ule moto uliobaki wa umeme wao ukaanza kuilainisha pole pole, chumba kizima kikanuka Barka. Nikala kwa kidole, nimesimama, nikalia mpaka nikachoka. Kisha nikagonga milango ya jirani. Watatu walifungua.

Lakini kuna jambo. Muhandisi Hatem ameniandikia kunipa pole, na kwa kunichangamsha akaniambia kuwa mwezi wa Aprili wafanyakazi walicheza mpira na watu wa bandari, na mjomba wangu alifunga mabao mawili, la pili kwa mguu wa kulia.

Basi goti gani, mjomba?

Sikuulizi kwa kukushtaki, hilo limepita. Nnauliza kwa sababu nimepoteza mwaka, na pengine nimepoteza zaidi ya mwaka, na nnataka kujua nimeupotezea kitu gani. Kama ni uvivu, sema. Kama hukuniona nna maana, sema pia. Usinipe hadithi. Hadithi zako nilizipenda sana, ndiyo maana niko hapa nilipo.

Nasriya

*

Maskati, 8 Julai 1997

Mwanangu Nasriya,

Mama yako ameipata barua yako. Alikuja kwangu, akakaa akanywa maji gilasi mbili, akaondoka. Kitambaa bado anashona. Nilimwona.

Barua hii nnaipitishia chuoni, kwa kuwa chumba umekwisha kukitoa. Nimezungumza na Bakhita juu ya pa kulala kwako. Ana ndugu yake, Hind, mumewe yuko ubalozini London, naye amejuana na familia ya Kisomali katika mji wako. Wanakungoja. Anwani iko nyuma ya karatasi hii. Ni watu wa kheri, nimeuliza kwa watu wanne, na safari hii nimeuliza kweli.

Goti zima. Risasi haikupita karibu nami maisha yangu yote.

Si uvivu, na wewe una maana kwangu kuliko unavyojua. Mie nnaogopa juu. Nnaogopa tangu mtoto, siku tuliyopandishwa meli Unguja kwa ngazi ya kamba na nikaangalia chini. Siku ya kwanza kazini, mwaka wa themanini na tano, walinionyesha ile ngazi ya chuma, nikafika kipago cha tisa, mikono ikafunga. Nikashuka, nikamwuliza mtu jana ilikuwa ngapi. Akasema mia na nne. Mtambo ulikuwa mpya, basi ilikuwa kweli siku ile. Nikaiandika, nikaipenda.

Juni nilipanda kwa sababu yako, na nilipanda nimefumba macho. Mahfoudh alikuwa chini akinihisabia vipago kwa sauti, kama mwalimu wa chuo cha Kurani. Nilikuwa nnafungua jicho moja tu, kwa kipimajoto, kisha nnalifumba. Mara arobaini na tisa nilipanda, na ya mwisho iliniogopesha kama ya kwanza. Mahfoudh hajamwambia mtu. Na bomba la moshi sikulipanda, wala Iran sikuiona. Aliyewashusha makinda ni Mahfoudh. Kahawa nilikuwa nayo kweli, lakini nilikuwa nimesimama chini, nnaitazama kahawa.

Nikwambie na hili, kwa kuwa umesema hutaki hadithi. Taa ikiungua sebuleni kwetu, Bakhita ndiye anayepanda kiti. Mie nnakishika, na nnaangalia sakafu.

Harub